Kihamba cha Bibi 🧶

*Jumamosi, Machi*

Manka: Shikamooni wakubwa. Bibi kamaliza mgongo na kifua, sasa anaanza mkono. Sweta ya Amani hiyo.
*[picha]*

Neema: Jamani Bibi 😍😍 lakini mbona ya sufu? Huku mtoto anashinda na nepi tu.

Baba Amani: Shikamoo Bibi. Dar leo nyuzi 33.

Manka: Nimemsomea. Anauliza nyuzi 33 za nini, yeye sweta nzima ya mtoto anaimaliza kwa mabonge mawili.

Aikande: 😂😂😂 Mwambie ni za joto.

Manka: Anajua Mama Mkubwa. Anamtania mkwe wake, hapa anacheka mpaka kaweka sindano chini.

Bibi: *[ujumbe wa sauti, 1:24]*

Elia: Niko gereji, makelele matupu. Mtu atuandikie.

Manka: Anasema hivi: "Marahaba mkwe wangu. Hiyo sweta si ya Dar. Mtoto kazaliwa Januari, ubatizo tumesema Julai huku Marangu, na Julai ya huku mnaijua, mlima hauonekani kwa wiki nzima. Atakuwa na miezi sita. Nikimpima leo, siku hiyo mkono utaishia kwenye kiwiko. Ya Dar ipo, kofia ya uzi wa pamba, nimeifuma matundumatundu kichwa kipumue. Naileta mwenyewe. Mwambieni mume wangu asioe mwingine kabla sijafika."

Neema: Mumeo anaamka saa nane usiku Bibi, njoo umbembeleze 😭

Aikande: Hapo kwenye kuja. Mama, nakuomba tena, panda ndege pale KIA. Saa moja na kitu umefika, Neema anakupokea.

Elia: Au basi la alfajiri.

Manka: Basi hataki, anasema kiwiko chake kinamgonga jirani. Ndege ndiyo hataki hata kuisikia.

Elia: Ni zile sindano bado?

Aikande: Bado! Nyie hamkuwepo. Mwaka juzi tunaenda Mwanza, kwenye ukaguzi wakamwona na sindano za chuma mkobani, na kazi iko juu yake. Kijana wa watu akazichomoa tu kama anatoa mishikaki. Vitanzi 64 vinaning'inia. Mama hakugombana. Kaniangalia miguuni, akasema vua kiatu. Akachomoa kamba ya kiatu changu, akavipitisha vitanzi vyote kimoja kimoja, foleni nyuma yetu imesimama. Nilishuka Mwanza kiatu kimoja kinapwaya.

Neema: 😂😂😂 Mama hukuwahi kutuambia hii

Aikande: Ningesema nini? Na ndani ya ndege alikaa mikono mapajani njia nzima. Tulipotua akaniambia huu ni usafiri wa watu wasio na kazi.

Manka: Basi ni treni, kashaamua. Tangu ile ya abiria irudi Moshi 2019 hana habari na kingine. Soksi zangu alizianza stesheni ya Moshi, tulipofika Same alikuwa keshageuza kisigino. Mtu anauliza tumefika wapi, yeye anajibu "kwenye kisigino".

Aikande: Sawa, lakini asisafiri peke yake. Manka utakwenda naye. Na wakati tuko hapa: mchango wa ubatizo mpaka leo wametoa watu watatu. Watatu. Siwataji.

Baba Amani: Natuma jioni Mama 🙏

Elia: Ngoja kwanza.

Elia: Nimeikuza ile picha.

Elia: Manka. Pale chini ya shingo kuna kipande cha kijivu.

Manka: 🙈

Elia: Hiyo ni sweta yangu ya sekondari! Hicho kijivu ni cha kiwiko. Niliichana kwenye seng'enge 1989, uzi wa kijani ulikuwa umeisha madukani, Mama akarudishia kwa kijivu. Nimeitafuta tangu Krismasi, nikauliza humuhumu, wote kimya!

Aikande: Mimi nilijibu nikakuwekea kidole 👍

Neema: Mjomba samahani, una kilo ngapi siku hizi?

Elia: Suala si kuvaa.

Manka: Mjomba nisamehe, mimi nilishika tu ule upande mwingine. Kwanza tulikwenda sokoni Memorial kutafuta sweta za mitumba za kufumua tupate uzi. Bibi anaigeuza sweta ndani nje, anaangalia mishono ya ubavuni. Akikuta ovaloki anairudisha, maana hiyo ilikatwa na mkasi, ukiifumua unapata vipande vya shubiri. Anataka ambayo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake ndipo vikaunganishwa. Hakupata. Tukarudi nyumbani, akafungua kabati.

Manka: Ya kwako ilikubali vizuri mno. Ncha moja tu, ukivuta inakuja yenyewe trrrrr mstari kwa mstari. Uzi ulitoka umejikunja kama tambi. Tukauzungusha kwenye mgongo wa kiti, tukaufunga sehemu nne usije ukatatizika, tukauosha maji ya uvuguvugu, tukautundika kwenye mgomba na kikombe cha bati kinaning'inia chini mpaka ukanyooka.

Elia: Kikombe kipi?

Manka: Chako pia 🙈

Bibi: *[ujumbe wa sauti, 0:51]*

Manka: "Elia mwanangu. Uzi nilinunua kwa hela ya kahawa, sweta nikafuma mimi, wewe ulichofanya ni kuichana. Nondo walishaanza kwenye ukosi. Ningewaachia nondo?"

Elia: Hapana Mama. Lakini ungeniambia.

Manka: Anasema ungekataa.

Elia: Ningekataa ndiyo.

Elia: Basi uzi uliobaki nifumiwe kofia.

Manka: Anafikiria... Anasema uliobaki ni wa blanketi la Amani, ila kofia atakutolea. Kwa sharti umletee sindano namba 8 kabla ya Alhamisi, "na si vile vijiti".

Aikande: Vijiti gani?

Manka: *[picha]*
Bibi alisema namba 8, dukani wakampa Mjomba za milimita 8. Namba ya Bibi ni ile ya zamani ya Waingereza, kwa vipimo vya sasa ni milimita 4. Za Mjomba nakorogea uji.

Neema: Mjomba 😂😂😂

Elia: Milimita 4. Natoka gereji sasa hivi, napita Double Road. Za chuma au za plastiki?

Manka: Za mianzi, zikipatikana. Anasema za chuma zinagongana, na usiku kwenye treni watu wanataka kulala.

Elia: Sawa. Na muandikie kichwa changu ni sentimita 59 asije akakosea.

Manka: Anasema anakijua, alikizaa yeye.