Sabuni ya kipande ama ya maji? Tupeane uzoefu

Mwenye uzi: Wenzangu, kwa nyumba yangu hii maneno ya sabuni imekuwa siasa. Mzee anataka kipande tu, mimi nimezoea ya maji. Nyinyi mnatumia gani na mbona? Mtu asiniambie "inategemea", leta yako venye ilivyo.

Mama wa Umoja: Kwetu kipande hakitoki. Nikinunua ule mche mrefu nakata vipande, navipanga juu ya kabati vikauke kwanza, wiki kadhaa hivi, kwa sababu kikiwa kibichi kinaisha haraka. Na watoto wangu wanajua, kipande hakilali ndani ya karai, asubuhi utakipata kimekuwa uji. Alafu niambieni, kola ya shati ya shule mnatoa aje na sabuni ya maji? Kola unailowesha, unapaka kipande pale pale kwa uchafu, unaacha kidogo ndio unafikicha.

Mkaazi wa Embakasi: Mama unaongea hivyo juu uko na maji ya mfereji, ya bwawa la Ndakaini. Sisi kwa ploti yetu ni borehole, maji ya chumvi, unasugua kipande mpaka mkono unauma na povu hakuna, kinachokuja ni utando mweupe unashika beseni, nguo nyeusi zikikauka zina madoa ya kijivu. Sabuni haina makosa, ni kalsiamu na magnesiamu ya hayo maji zinashikana nayo. Ya maji huwa inavumilia, so tulihama. Siku kaunti wakifungulia mfereji ndio natoa kipande.

Mpika sabuni, Githurai: Mi napika hiyo ya maji na kuuza refil, mtu anakuja na chupa yake namjazia. Wateja huinua chupa waone kama ni nzito, ikiwa nzito wanasema hii ni kali. Wapi! Uzito ni chumvi. Ungarol, ile dawa nzito ya kutoa povu, ukiikoroga na maji ukitia chumvi inashika, ukizidisha chumvi inarudi kuwa nyepesi tena. Ipime kwa sufuria ya mafuta ya jana, hapo haidanganyi.

Bachela wa Roysambu: Kipande kimoja, vyombo, nguo, na mwili pia, chekeni tu. Shida ni bafu ya ploti, ukikisahau huko umekitolea sadaka. Niliwahi kuweka ya maji, wakawa wanapunguza na kuongezea maji wakidhani sioni, mpaka ikabaki rangi tu.

Baba wa Kibra: Nyote mmeruka kitu moja. Refil tunabeba na chupa ya soda, na sabuni yenyewe ni ya rangi ya machungwa. Mtoto wa jirani aliinua akapiga funda, watu wakaanza kutafuta maziwa na vidole vya kumtapisha, bahati kulikuwa na nesi kwa ploti akatukataza kabisa kumtapisha, akasema akitapika lile povu linaweza kuingia kwa mapafu. Alipelekwa hosi, yuko sawa. Kwangu sai inakaa kwa mtungi mdogo, juu, na imeandikwa.

Mwenye uzi: Hiyo ya chupa imenishtua, zangu ziko chini ya sinki. Naamka kuzitoa. Mama wa Umoja, huo mche unaukata na nini, kisu changu kinauvunja vunja.

Mama wa Umoja: Waya nyembamba. Zungusha kwa mche, vuta pande zote mbili. Na uukate ukiwa bado mbichi.