Naomba ushauri: unga wa mlonge umeshindwa kwenye maji yenye oili na sabuni

Mwenye gereji, Moshi:
Wakuu, habari za majukumu. Nimesoma kwamba watafiti wanajaribu mbegu za mlonge kusafisha maji yanayopanda pamoja na mafuta ghafi kutoka visimani, nikaona niijaribu njia hiyo kwenye maji tunayooshea injini, badala ya kununua shabu ya kutakasia maji. Ndoo ya maji ya kusuuzia vipuri ilifanya mabonge ya kahawia ndani ya saa moja, nikaona hadi kitako cha ndoo. Ndoo ya pili, yenye sabuni ya unga, ilibaki nyeupe kama maziwa mpaka asubuhi, ingawa niliongeza unga mara mbili. Nimekosea wapi? Je, yale yaliyotakata naweza kumwagilia migomba?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, sabuni ndiyo iliyokuponza. Matone ya mafuta yana chaji hasi na hivyo husukumana, ilhali protini ya mlonge ina chaji chanya, inayoyavuta pamoja hadi yakawa mabonge. Sabuni nyingi za unga nazo zina chaji hasi, kwa hiyo protini hunaswa na sabuni kabla ya kuyafikia mafuta. Tenga pipa la maji ya sabuni. Isitoshe, mbegu yenyewe ina mafuta, takriban asilimia 30 hadi 40, kwa hiyo ukimwaga unga mbichi unaongeza mafuta mahali unapotaka kuyaondoa! Tafuta mashudu kwa wanaokamua mlonge, kwa sababu protini hubaki humo. Yaloweke katika maji ya chumvi, uchuje kwa kitambaa, kisha ujaribu vipimo tofauti katika chupa sita za lita 1 kabla ya kugusa pipa zima.

Mchangiaji wa pili, Arusha:
Naunga mkono, ila migomba iache kwanza. Maji ya visima vya mafuta huwa na chumvi nyingi na benzini (kemikali yenye sumu) iliyoyeyuka, na mlonge hauviondoi, kwani kazi yake ni kukamata kinachoelea, si kilichoyeyuka. Yako hayana chumvi hiyo, lakini kama mnatumia petroli kuoshea vipuri, benzini imo hata maji yakionekana yametakata.

Mwenye gereji, Moshi:
Petroli tunaitumia, tena kila siku. Na tope lililobaki chini ya ndoo?

Mchangiaji wa pili, Arusha:
Hilo ndilo lenye mafuta mengi, kwa hiyo lisiende mtaroni. Liweke kwenye dumu lenye mfuniko, umkabidhi anayekusanya oili chafu kwa kibali.