Kerneli 3.10 kwenye CentOS 7: ni nani bado anawajibika kuirekebisha?

Seva_Iringa:
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Chama chetu cha akiba na mikopo kinatumia seva ya CentOS 7, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, yenye kerneli (kiini cha mfumo) 3.10, na humo ndimo ilimo programu ya hesabu za wanachama pamoja na hifadhidata yake. Mkaguzi wa mifumo ameandika kwamba kerneli hiyo ni ya mwaka 2013, hivyo iondolewe. Kampuni iliyotuuzia programu nayo inasema kwamba tukiweka kerneli ambayo haikuja na mfumo, haitatuhudumia tena. Je, nipandishe kerneli peke yake na kuacha mengine yalivyo?

MwanaLinux:
Ndugu, mkaguzi amefikia uamuzi sahihi, lakini umri wa namba si sababu ya kutosha. Ni kweli kwamba watunzaji wa Linux waliacha kuihudumia 3.10 mwaka 2017. Hata hivyo kampuni ya Red Hat, ambao CentOS 7 ilijengwa kutokana na msimbo wa mfumo wao wa RHEL 7, waliendelea kuchukua marekebisho ya usalama ya kerneli mpya na kuyaingiza ndani ya 3.10 bila kuibadilisha namba hiyo. Udhaifu wa prosesa uitwao Meltdown na Spectre ulipotangazwa Januari 2018, 3.10 ya watunzaji wa awali ilikuwa imekwisha kuachwa, ilhali waliotumia RHEL 7 na CentOS 7 walipata marekebisho. Ndiyo maana hutazami 3.10 pekee, bali tarakimu zinazofuata kistari, kama 1160 ya toleo la 7.9.

Kilichobadilisha hali ni tarehe 30 Juni 2024, siku ambayo huduma ya CentOS 7 ilikoma. Red Hat wanauza huduma ya nyongeza kwa wateja wa RHEL 7, lakini mradi wa CentOS hautoi tena marekebisho yoyote kwa toleo hilo. Hoja hiyo ndiyo ningeiweka mbele ya bodi.

Fundi_wa_Zamu:
Naunga mkono, na nakusihi usipandishe kerneli peke yake. Ukifanya hivyo, glibc 2.17, OpenSSL na maktaba nyingine (misimbo inayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja) zitabaki bila mtu wa kuzirekebisha, na wakati huohuo utakuwa umejitoa katika huduma ya kampuni ya programu, ambayo ina haki ya kukataa kuwajibika kwa mchanganyiko ambao haikuujaribu. Ombeni kwa maandishi orodha ya mifumo endeshi wanayoikubali, kisha sakinisheni seva mpya na kuhamishia hifadhidata huko. AlmaLinux, mfumo mwingine unaofuata RHEL, wana zana iitwayo ELevate inayoweza kuivusha CentOS 7 hadi toleo la 8 la mifumo ya jamii hii, lakini kwa seva inayobeba fedha za watu mimi ningeitumia kwenye nakala tu, baada ya kuhakikisha kwamba nakala rudufu inarejesheka.

Mkikubaliana na toleo la 9, kagueni prosesa kwanza, kwa sababu linahitaji kiwango cha uwezo wa prosesa kiitwacho x86-64-v2 na baadhi ya mashine kongwe hazikifikii.

Seva_Iringa:
Nashukuru sana. Kampuni imejibu kwamba inakubali toleo la 8 tu, ambalo kerneli yake ni 4.18 ya mwaka 2018. Nahofia mkaguzi atarudia maneno yaleyale.

MwanaLinux:
Mwonyeshe ratiba ya huduma ya mfumo mtakaouchagua, kwani AlmaLinux 8 na mwenzake Rocky Linux 8 zimepangiwa kupata marekebisho ya usalama hadi mwaka 2029, pamoja na taarifa za usalama zinazotaja kila udhaifu uliorekebishwa ndani ya 4.18. Mkaguzi makini atauliza ni nani anayerekebisha na hadi lini, na safari hii mtakuwa na jibu la maandishi. Hadi mtakapohama, ikateni seva ya zamani kutoka kwenye intaneti kabisa, na iruhusuni kufikiwa na kompyuta za wahasibu peke yake.