Naomba ushauri: kulala jangwani peke yangu Desemba hii, Oman

Wakuu, habari zenu. Nipo Maskati mwaka wa tatu sasa. Mwisho wa Desemba nina likizo ya siku nane, nataka kushuka na gari hadi Salalah, kama kilomita 1,000, nikilala kwenye hema. Niko peke yangu. Jamaa tuliyepanga naye kaghairi, mkewe kajifungua.

Kinachonitisha si joto, ni baridi. Sie watu wa Tanga tukisikia jangwa tunawaza jua tu! Mwaka jana nililala mlimani, Jebel Shams, na mablanketi mawili, soksi jozi mbili na kofia, lakini saa tisa usiku nikakimbilia kwenye gari. Asubuhi maji ya sufuriani yalikuwa na utando wa barafu. Baridi yenyewe ilipanda kutoka ardhini. Godoro la sponji litatosha, au kuna namna nyingine?

La pili, mchanga wa jangwa la Sharqiya. Nilizama karibu na Bidiyah, matairi yamejaa upepo kama niko lami. Aliyenivuta ni mzee wa Ibra aliyekulia Unguja. Akacheka: "Mwanangu, toa upepo kwanza, ndo uingie." Sikumuuliza nitoe kiasi gani. Prado iliyobeba mizigo mnashusha hadi ngapi? PSI kumi na nane?

Kati ya Adam na Haima, njiani kwenda Salalah, usiku siendeshi, ngamia wanavuka ovyo. Ila maji: lita ngapi kwa siku kwa mtu mmoja, ukiweka na ya kupikia?