Nyumba tuliyonunua Tudor, paipu za ukutani zavuja: nizibe au nifumue zote?

Mama Rukia:
Asalaam aleikum. Tumenunua nyumba ya chini hapa Tudor, Mombasa, ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe, imepakwa rangi ikameremeta. Mara tu tulipohamia, ukuta wa baina ya jiko na choo ukaanza kutota, rangi ikabambuka. Fundi akapasua, akakuta paipu ya chuma imetoboka, akakata kipande akatia kipya. Sasa maji yametokea chumba cha watoto. Fundi huyo huyo ataka tufumue nyumba nzima tutie PPR, zile paipu za plastiki. Baba Rukia asema tuzibe panapovuja tu, pesa zimekwisha kwenye kununua.

Maji tunayo ya aina mbili: ya kaunti, yajayo kwa zamu, na ya kisima, ya chumvi, ya kuogea na chooni. Kila moja lina tangi lake juu. Ninachohofia mimi ni kuta zaidi. Mngefanyaje?

Kaka wa Changamwe:
Ziba, dada. Mafundi hupenda kazi kubwa. Kwetu tuliziba mara moja, mpaka leo pakavu.

Fundi Bomba Ganjoni:
Shikamoo mama. Kaka, Changamwe kwenu mwatumia maji ya chumvi? Hapo ndipo penye tofauti.

Mama, uliza kwanza: paipu iliyotoboka ni ya maji yapi? Paipu hizi za zamani ni chuma kilichopakwa zinki. Chumvi huila zinki, kisha hukila chuma kwa ndani, pole pole, na wewe huoni kitu mpaka siku tundu linapotokea nje. Kipande alichokata fundi kitafute, ukichungulie. Kikiwa kimejaa kutu hata kidole hakipiti, basi mstari ule wote uko hivyo, na kuziba ni kuhamisha tundu tu.

Halafu pima. Usiku, mkishaoga, zuieni maji yanayoingia matangi ya juu, mfunge na valvu za choo, maana sisterni ikivuja itawadanganya. Tumbukiza ufito katika kila tangi, utie alama maji yalipofika. Alfajiri, kabla mtu hajafungua mfereji hata wa kutawadha, pima tena. Tangi lililopungua ndilo lenye mstari mbovu.

Mama Rukia:
Marahaba mwanangu, Mungu akuweke. Kipande nimekipata uani, ni cha kisima, kutu tupu. Tangi la kisima limepungua kwa upana wa kiganja. La kaunti halikusogea.

Fundi Bomba Ganjoni:
Basi badilisha mstari wa kisima wote, wa kaunti uache ulivyo. Baba Rukia ataokoa pesa, nawe utaokoa kuta, kwa sababu hakuna haja ya kuzichimbua. Paipu mbovu zikatwe maji, zizibwe ncha, zifie humo humo ukutani. Mpya zipite nje chini ya ukingo wa paa, ziingie ndani kwa tundu dogo pale penye mfereji. PPR chumvi haiiwezi, lakini jua huiharibu, kwa hiyo ifunikwe kila panapopigwa na jua. Na kabla fundi hajaziba chochote kwa simiti, ajaze maji, apige presha kwa pampu ya mkono, nawe usimame hapo uone mshale wa geji hautelemki. Akikataa, tafuta mwingine.

Mama Rukia:
Na ukuta uliotota? Watoto walala huko.

Fundi Bomba Ganjoni:
Walale chumba kingine kwanza. Plasta iliyovimba ibanduliwe, jiwe likauke kwa upepo, madirisha wazi. Itatoka chumvi nyeupe kama unga: ipanguse kwa brashi kavu, usioshe, maana maji huirudisha ndani. Itatoka tena, ipanguse tena. Ikishakoma ndipo upige plasta ya chokaa. Rangi ya mafuta usitie hapo, itafungia unyevu ndani.

Kaka wa Changamwe:
Kweli fundi, sisi ni maji ya kaunti tu. Dada, fuata hayo.