Safaya ya nyota isiyochomwa: ya Sri Lanka, nyeusi ya Thailand au ya dhahabu ya Kenya?

BintiMuheza
Habari za jioni wakuu. Mwezi wa kumi na mbili wazazi wangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Nataka kumtengenezea baba pete ya fedha yenye safaya ya nyota, lile jiwe linaloonyesha nyota mgongoni likimulikwa. Baba alikuwa dalali wa mawe bonde la Umba enzi za ujana wake, kwa hiyo jiwe la kiwandani au lililochomwa, yaani kupitishwa motoni ili lipendeze, silitaki kabisa, atalijua kabla hajalivaa. Nimeonyeshwa manne, bei zote ni kwa karati:

La kwanza, Sri Lanka, kijivu yenye ubuluu kwa mbali, karati 5.2, dola 120 kwa karati. Nyota imekaa pembeni kidogo na mwale mmoja ni hafifu.
La pili, nyeusi ya Chanthaburi, Thailand, karati 8, dola 15.
La tatu, kahawia yenye mng'ao wa dhahabu, ya Kenya, karati 6, dola 35.
La nne, buluu iliyokolea, karati 7, dola 90. Nyota imenyooka katikati kama imechorwa kwa rula. Muuzaji anasema ni la Sri Lanka na halijaguswa na moto.

Moyo wangu uko kwa la nne. Nisaidieni.

Kaboshoni_Arusha
Dada, hilo la nne liweke chini kwanza. Angalia bei tu: lina rangi nzuri kuliko la kwanza, nyota nzuri kuliko la kwanza, kubwa kuliko la kwanza, halafu ni rahisi zaidi. Haiji.

Nyota inatokana na sindano ndogo mno za madini yaitwayo rutili zilizojipanga ndani ya jiwe kwa pande tatu. Sisi tunaziita hariri. Jiwe likikatwa kaboshoni, yaani mgongo wa mviringo bila pembe, mwanga unazigonga sindano na kurudi kama mistari mitatu inayokatana, ndiyo hiyo miale sita. Sasa sindano hizo hizo ndizo zinazolitia jiwe ukungu. Hariri nyingi inakupa nyota kali na rangi iliyofifia. Hariri chache inakupa rangi safi na nyota ya kubahatisha. Jiwe lenye vyote viwili lipo, ila ni adimu sana na haliuzwi kwa dola 90.

Hata ile safaya maarufu ya nyota, Star of India, iliyoko jumba la makumbusho New York, karati 563, ni ya kijivu-buluu. Kwa hiyo usilidharau la kwanza kwa rangi yake.

Safaya za nyota za kutengeneza ziliingia sokoni Marekani mwaka 1947 zikitoka kampuni ya Linde, na tangu hapo zinazunguka duniani. Mwombe muuzaji picha ya tumbo la jiwe, yaani upande wake wa chini. La kiwandani mara nyingi lina tumbo bapa lililong'arishwa vizuri. La asili mara nyingi limeachwa na tumbo nene, la kukwaruza, kwa sababu mkataji hataki kupoteza uzito. Kisha shika lenzi ya mara 10, liangalie kwa ubavu: mistari ya rangi ikiwa imenyooka na kukutana kwa pembe kama za asali kwenye sega, hiyo ni asili. Ikiwa imepinda kama mistari ya sahani ya santuri, au ukaona viputo vya hewa, umemaliza kazi.

SonaraNgamiani
Mkuu Kaboshoni kasema vyema. Mimi niongeze la ufundi wa pete, maana jiwe zuri linaweza kukataa pete.

Hilo tumbo nene analolisema ndilo linalotusumbua mezani. Dada, uliza kimo cha jiwe kwa milimita, usiulize karati peke yake. Nimewahi kuletewa la karati 9 ambalo ukiliangalia kwa juu linaonekana kama la 6, uzito wote umejificha chini. Unalipia kitu ambacho hakionekani, na pete inakuwa juu kama kofia. Ukitaka kulipunguza tumbo inawezekana, ila mgongo usiguswe, nyota itahama.

Nyeusi ya Thailand naipenda kwa mwanamume, na kwa bei hiyo haina mpinzani. Ugumu wa safaya yoyote ni 9 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, haichuniki kirahisi. Lakini nyeusi hizi zina tabia ya kupasuka kwa tabaka, hasa ukingoni, kwa sababu ya vitu vilivyomo ndani yake. Akiipata, isishikwe kwa kucha nne, vile vishikizo vidogo vya pembeni. Izungushiwe ukingo wa fedha pande zote.

Mwanamji_Muscat
Assalaam alaykum. Huku pete za fedha zenye mawe wanaume wanavaa sana na mawe ya kila aina yanapita mikononi. Mwaka juzi nilinunua ya buluu kwa muuzaji mmoja niliyemwamini, nyota safi ajabu. Nilipompa fundi aondoe mkwaruzo mdogo mgongoni, aliposugua tu nyota ikaanza kufa. Kumbe ilipenyezewa titaniamu kwa joto kali, nyota ilikuwa kwenye ngozi ya jiwe tu. Safaya yenyewe ilikuwa ya kweli! Niliumia sana. Kwa hiyo neno "ya asili" halitoshi dada yangu. Muulize mambo mawili kando kando: jiwe ni la ardhini? Na je, limechomwa au kupenyezewa chochote? Aandike kwenye risiti.

Na picha usiziamini. Mwambie akurekodie video akiwa na tochi moja tu, aizungushe juu ya jiwe. Nyota nzuri inautembelea mgongo ikifuata tochi, na miale inafika hadi ukingoni. Chini ya taa ndefu za dukani hata nyota nzuri haionekani, hilo lisikutishe.

MkusanyajiNyali
Mbona la Kenya limepitwa? Mawe haya ya mng'ao wa dhahabu yanatoka kaskazini-mashariki mwa Kenya, na yalianza kuonekana sokoni karibu mwaka 2009. Mng'ao wake unatoka kwenye vibamba vidogo vya hematiti na ilmeniti, madini yenye chuma, na mengine yakikatwa vizuri yanatoa miale sita. Mimi ninayo matatu. Ukiliinamisha juani, dhahabu inapita juu yake kama mafuta juu ya maji. Kwa mkusanyaji wa kwetu hakuna jiwe lenye kisa kizuri zaidi.

Kaboshoni_Arusha
Nakubali kwa kukusanya, mkuu. Ila yeye anatafuta nyota, na kwenye hayo mng'ao mara nyingi unaimeza nyota. Kama la 6 karati lina miale iliyo wazi chini ya tochi, nami nalichukua. Kama lina mng'ao tu, ni jiwe lingine kabisa.

Kuhusu kuchomwa: ukivuka nyuzi 1,600 za Selsiasi hivi, sindano zinayeyukia ndani ya jiwe. Kwa hiyo kwenye hadubini, sindano ndefu zisizokatika ni dalili njema. Zikionekana kama nukta nukta zilizojipanga, limepita motoni. Joto dogo zaidi linaweza kurekebisha rangi bila kugusa hariri, na hapo jicho langu halitoshi wala la baba yako. Inabaki maabara kama GIA au Gübelin. Kwa jiwe la dola 600 na kitu, panga na muuzaji mapema: cheti kikisema limechomwa, analirudisha na pesa yako anakupa.

BintiMuheza
Asanteni sana wote. Wa la nne nilimwomba picha ya tumbo na video ya tochi. Kanitumia picha ileile ya mgongo mara mbili, kisha kanipunguzia hadi dola 60. Nimeachana naye.

Wa kijivu katuma vyote siku hiyohiyo. Tumbo limekwaruza, kimo ni milimita 6, na chini kuna mstari wa rangi unaokunja kona kama alivyosema mkuu. Tochi ikienda kushoto nyota inaifuata, na ule mwale hafifu unawaka ikifika ubavuni. Amekubali sharti la cheti, kaliandika kwenye risiti.

SonaraNgamiani, kaka, milimita 6 inakaa kwenye pete ya kidole cha mzee wa miaka 68 mwenye vifundo vikubwa? Nikikuletea Tanga mwezi ujao utaniwekea ukingo?

SonaraNgamiani
Inakaa vizuri. Tumbo nitaliacha wazi kwa chini, apate kuligeuza na kuliangalia mwenyewe. Njoo na kipimo cha kidole alichopimwa jioni, asubuhi vifundo vinadanganya.