Naomba ushauri: simu inanila usiku, na biashara yenyewe imo humohumo

BintiUjiji
Mwakeye wakuu, heshima kwenu. Niko Ujiji, Kigoma, naenda kwenye hoja moja kwa moja.

Nanunua dagaa mwalo wa Kibirizi, nakausha, nauza Kasulu, Tabora na Dar. Oda zinaingia WhatsApp, malipo yanaingia kwa simu. Nikiishika simu kumjibu mteja, nashtukia nusu saa imekwenda, niko kwenye status, kutoka hapo TikTok. Usiku ndiyo balaa: nanunua bando la usiku kwa kuwa ni la bei nafuu, na alfajiri naamka macho mazito. Jana simu imeandika matumizi ya saa 5 na dakika 40, imefunguliwa mara 112.

Mambo niliyojiwekea ni matatu: swala kwa wakati, watoto wangu wawili niwasimamie mwenyewe jioni wakisoma, na daftari la biashara lisilodanganya. Yote matatu yanalegalega. TikTok nimeifuta mara tatu, nimeirudisha mara tatu. Simu siwezi kuitupa. Naomba hatua, mahubiri nimeshayasikia.

Mzee wa Gungu
Nunua kitochi, simujanja mpe adui yako. Uzi ufungwe.

Kazeh_Tabora
Mzee wa Gungu, kasema oda ziko WhatsApp. Kitochi tutakirudia, lakini si kwa namna hiyo.

Dada, tuanze na sababu ya wewe kufuta mara tatu na kurudisha mara tatu. Ulifuta programu, ukaacha mlango. Tabia ina vipande vitatu: kichocheo, kitendo na malipo. TikTok ni kitendo tu. Kichocheo bado kipo (mteja kaandika, simu iko mkononi, umechoka), na malipo bado yanatakiwa. Ndani ya siku chache mkono unatafuta pa kwenda.

Malipo yenyewe yana hila. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliwapa njiwa kitufe cha kudonoa. Chakula kilipotoka kwa kubahatisha, mara kipo mara hakipo, njiwa walidonoa sana, na hata kilipokatwa kabisa walichelewa mno kuacha. Ni kama mvuvi wa ndoano: samaki wangekuwa wanakula kila baada ya dakika kumi angevua akaenda zake, ila kwa kuwa hajui atakula lini, anakaa hadi jua linazama. Video tisa za hovyo, ya kumi inakuchekesha. Hiyo ya kumi ndiyo ndoano. Na ukurasa hauna mwisho, kwa hiyo hakuna mahali ambapo macho yanaambiwa "basi, imetosha". Mtindo huo wa ukurasa usioisha ulibuniwa na Aza Raskin mwaka 2006, na mwenyewe amekiri hadharani kuujutia.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, chukua karatasi, siku tatu tu. Kila ukijikuta umepotelea humo, andika saa, mahali, na ulichokuwa unakifanya dakika moja kabla. Usijizuie siku hizo, unachunguza tu. Kwa watu wengi vichocheo ni vichache, na kwako kimoja nakiona tayari: umeshika simu kumjibu mtu wa Kasulu, jibu limekwenda, kidole badala ya kuizima skrini kinateleza kwenye kile kiduara cha kijani cha status. Sekunde mbili. Hizo sekunde mbili ndizo za kufanyia kazi, nusu saa inayofuata ni matokeo tu.

Angalizo moja. Siku za giza boti zinaingia ziwani, alfajiri uko mwaloni, mikono ina kazi. Siku za mbalamwezi kali wavuvi wa taa wanapumzika na wewe unabaki nyumbani. Ukipima siku za giza peke yake utajiona mzima. Pima tena mbalamwezi ikifika, maana bila shaka hapo saa zinapanda. Mpango wako uwe na sura mbili.

FundiSimu_Mwanga
Mimi nitoe ya kiufundi. Nachukulia simu yako ni Android. Mpangilio hutofautiana kidogo kati ya Tecno, Infinix na Samsung, ila majina ni yaleyale.

Ingia settings, tafuta Digital Wellbeing. Humo kuna kikomo cha kila programu. Wengi wanaweka TikTok dakika 30 na kuona wamemaliza kazi. Kuna mitego miwili. Kwanza, kikomo hicho hakina namba ya siri, unakiondoa kwa kugusa mara mbili tatu, kwa hiyo kichukulie kama kengele, kufuli hakiwezi kuwa. Pili, kinaanza upya saa 6 usiku. Bando lako la usiku kama nalo linaanza saa 6, maana yake unakabidhiwa MB na dakika 30 mpya kwa wakati mmoja, umelala chali kitandani. Wala si uvivu wako, ni ratiba mbili zilizogongana.

Bora utumie Focus Mode, inayofunga programu ulizochagua kwa saa ulizopanga, iko humohumo. Chagua TikTok, Facebook na YouTube, weka ratiba siku zote saba kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 1 usiku, halafu nyingine kuanzia saa 3 usiku hadi alfajiri kama simu yako inaruhusu ratiba zaidi ya moja. Ikikubali moja tu, chagua ya usiku. WhatsApp usiiguse, ni duka lako. Ina kitufe cha kupumzika cha dakika 5, 15 au 30, na ukikibonyeza programu zinafunguka. Kibonyeze ukilazimika, lakini andika kwenye karatasi ya Kazeh.

Bando: acha la usiku. Video fupi zinaweza kula kati ya MB 500 na GB 1 kwa saa kutegemea ubora, ujumbe wa maandishi wa WhatsApp haufiki hata robo ya robo ya hapo. Nunua la siku, dogo, linalotosha oda na picha. Ukilimaliza kwa video kabla ya adhuhuri, utalijua hapohapo mfukoni.

WhatsApp yenyewe:

Makundi yote yanyamazishe moja kwa moja, usichague muda wa saa 8 wala wiki. Kundi la mzigo peke yake liache lilie. Wateja wako wakubwa wape mlio wao tofauti, ili ukisikia ujue ni pesa, na usiposikia ujue si lazima ushike simu.

Status: shikilia jina la mtu, mnyamazishe. Anza na wale kumi wanaopandisha sana. Hawajulishwi, kwa hiyo usiogope lawama.

Zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe, uko kwenye Storage and data. Video isiyojipakua haikuiti.

Kuhusu kugeuza skrini iwe nyeusi na nyeupe: inasaidia, rangi ni nusu ya utamu. Ila wewe unauza kwa picha. Mteja wa Dar anataka kuona dagaa wanaong'aa kama fedha, waliokauka kwenye chanja bila mchanga, na wewe unahitaji kuona waliopiga njano kabla hujanunua. Kwa hiyo weka kijivu usiku tu kupitia Bedtime mode, saa 3 usiku hadi 10 alfajiri, inajiwasha na kujizima.

BintiUjiji
Asanteni sana kaka zangu. Hiyo ya saa 6 usiku imenigusa penyewe. Maswali mawili. Mteja akiandika usiku nisipojibu si atahamia kwa mwingine? Na kuhusu kitochi, laini ya biashara nikiihamisha, WhatsApp si itakufa?

FundiSimu_Mwanga
Haifi. WhatsApp inahitaji laini mara moja tu, wakati wa kuthibitisha namba kwa SMS. Baada ya hapo inaenda na intaneti yoyote. Laini ya biashara ihamie kwenye kitochi, simujanja itumie laini nyingine kwa bando. Kabla ya kuhamisha, washa uthibitisho wa hatua mbili ndani ya WhatsApp, uweke namba sita za siri na barua pepe. Siku ikidai uthibitisho tena, SMS itaingia kwenye kitochi, unainakili.

Faida kubwa ni hii: meseji za malipo zinaingia kwenye kitochi. Unathibitisha pesa, unatoa, unalipa wapakiaji, yote kwa menyu ya namba, bila kuigusa simujanja. Katika hizo mara 112 utashangaa ngapi zilikuwa za kuangalia kama pesa imeingia.

Panapoharibika ni hapa. Vitochi vingi vinachukua laini kubwa, na yako imeshabanduliwa iwe ndogo. Tafuta kile kifremu cha plastiki, uipachike laini humo kwanza, ndipo uingize. Usisukume fremu tupu kujaribu, inanasa vile vijino vya shaba na ukivuta unaving'oa. Pia majina yaliyohifadhiwa kwenye akaunti ya Google hayatahamia. Kaa chini uandike namba za wateja ishirini kwa mkono.

Kuhusu mteja wa usiku: hamia WhatsApp Business, ni bure na namba inabaki ileile. Chukua nakala ya mazungumzo kwanza. Ina ujumbe wa kujibu ukiwa haupo, unaupangia saa. Lakini ujumbe huo unatoka tu kama simu ina intaneti. Ukizima data saa 3, mteja hapati kitu. Dawa: andika saa za kazi kwenye wasifu, na kila unapofunga jioni mwambie aliye hewani, "Oda za baada ya saa 3 usiku najibu saa 12 asubuhi kabla bei ya mwalo haijatulia." Mnunuzi wa jumla anataka uhakika wa saa. Bei ya usiku wa manane haina maana kwake, boti hazijarudi.

MamaShaba
Nyamazisha na mawifi kwenye status. Hao ndio wa kwanza. 😂

Mnasihi_Kasulu
Hodi kwenye uzi. Wenzangu wamefunga madirisha vizuri, ila nyumba iliyofungwa bila mtu ndani haikaliki. Dada umetaja mambo matatu, na yamekaa vizuri, isipokuwa hayana saa wala mahali. "Kuwasimamia watoto jioni" ni neno pana, simu inapenya katikati yake. Liandike hivi: "Saa 1:30 usiku, baada ya Maghrib, nikishakunja mkeka, simu zote mbili naziweka kabatini, nakaa mkekani na madaftari yao hadi Isha." Umbo ni hilohilo kila mara: likitokea hili, nafanya hili. Ubongo hukumbuka tukio kwa urahisi kuliko nia.

Una bahati kwamba swala imeshagawa siku yako vipande vitano. Huhitaji kengele mpya. Simujanja fungua mara tatu kwa ajili ya oda: baada ya Alfajiri ukitoka mwaloni, baada ya Adhuhuri, na baada ya Alasiri. Kila mara dakika 20, umesimama au umekaa kwenye kiti, kamwe usilale. Ukimaliza, ile sekunde ya kiduara cha kijani ipe kazi nyingine: fungua daftari, andika oda uliyopokea kwa kalamu. Jina, kilo, bei, amelipa au bado. Malipo yako ni kuiona safu imejaa, na daftari linaacha kudanganya kwa sababu linaandikwa saa ileile, halisubiri usiku wa kukumbuka.

Hamu itakuja, hasa siku tatu nne za mwanzo. Usipigane nayo wala usiibembeleze. Ikiachwa inapanda, inafika kileleni, inashuka, mara nyingi ndani ya dakika 10 hadi 20. Tafuta cha kufanya kwa mikono muda huo: pepeta mchele, geuza dagaa chanjani.

Usiamini ule msemo kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, uliochapishwa 2010, ulifuatilia watu 96 wakijenga tabia mpya. Muda wa kitendo kuwa cha kawaida ulianzia siku 18 hadi 254, katikati yake ikiwa 66. Walichokiona pia ni kwamba kukosa siku moja hakukubomoa kazi. Kwa hiyo ukianguka usiku mmoja, usifute programu zote kwa hasira, hasira ndiyo iliyokurudisha mara tatu. Kesho yake endelea palepale.

Anza lini? Anza giza, mikono ikiwa na kazi. Mbalamwezi ya kwanza ikija utakuwa na wiki mbili hivi za mazoezi, na hizo siku za kukaa bure zipangie kazi mapema: kudai madeni ya Kasulu, kushona magunia, kutembelea ndugu. Siku isiyo na mpango TikTok itaipanga.

Mzee wa Gungu
Nilisema kitochi mkacheka. Haya, niongeze moja: simu isivuke chandarua. Ilale sebuleni kwenye chaji.

BintiUjiji
Mzee, umesema kweli, shikamoo. Ila kengele ya kuamkia iko kwenye hiyohiyo simu, na mwadhini kuna siku simsikii.

Mzee wa Gungu
Marahaba. Soko la Mwanga kuna wauza saa, chukua ya mezani ya betri, ile yenye kengele mbili juu. Iweke mbali na kitanda, uinuke kuizima. Betri nunua mbili, moja ya akiba, maana za kuungaunga zinaisha polepole na saa inaanza kuchelewa kabla hujagundua.

BintiUjiji
Kesho nikitoka mwaloni napitia. Fundi, hicho kifremu cha plastiki nitakipata hapohapo Mwanga?

FundiSimu_Mwanga
Kwa fundi yeyote anayesajili laini, wanavibandua kutwa nzima na kuvitupa. Omba tu.